Malengo yakivutana: namna ya kupanga pa kugusa kwenye mtandao wa jeni

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja ninayesoma naye Jumamosi hapa Kampala alinifungulia laptopu yake na furaha imejaa usoni, akasema "Mwalimu, imekubali!" Alikuwa ametengeneza modeli ndogo ya jeni za damu, ile ya ugonjwa wa selimundu ambao huku wengi tunauita sikoseli tu, alafu akaiagiza kompyuta imtafutie jeni moja ya kuzima ili himoglobini ya utotoni ipande na ile yenye kasoro ishuke. Kompyuta ikamjibu: zima KLF1. Grafu ilikuwa nzuri, namba nzuri, hesabu haina kosa hata moja. Ila panya asiye na KLF1 hata kuzaliwa hafiki, anafia tumboni kwa upungufu wa damu, hilo lilijulikana tangu 1995.

Nikamwambia dada, kompyuta haijakosea, imekujibu ulichouliza. Uliomba vitu viwili na ulitaka vitano, vile vitatu hukuvisema.

Basi nimekaa nikaandika hatua ninazofuata mimi, kwa ajili yake na kwa yeyote anayejifunza kupanga namna ya kuingilia mitandao ya jeni, iwe kwa dawa, kwa kuhariri jeni au kwa mazao. Mi natoka Busia, nina binamu mwenye sikoseli, kwa hiyo mfano nitakaotumia mara nyingi ni huo na sio wa kubuni tu. Utafiti mkubwa wa damu za watoto wachanga Uganda, uliochapishwa 2016, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba nakala moja ya jeni hiyo na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Yaani ukipanda taksi ya watu 14 imejaa, kwa wastani kuna kama wawili waliobeba.

Kwanza tuelewane mtandao wa jeni ni nini. Jeni hazifanyi kazi moja moja kama taa za vyumba tofauti, jeni moja inatengeneza protini inayokwenda kuwasha au kuzima jeni nyingine, na hiyo nayo inagusa nyingine, na wakati mwingine duara linarudi mpaka kwa ile ya kwanza. François Jacob na Jacques Monod walilionyesha hili kwa bakteria mwaka 1961 kule Ufaransa. Kwa hiyo ukigusa sehemu moja umegusa nyingi, na hapo ndo malengo yanaanza kuvutana: unachotaka kipande kimefungwa kamba moja na usichotaka kiguswe.

Hatua ya 1: andika usichokubali kupoteza, kabla ya unachotaka kupata

Wengi wanaanza na lengo. Mi nasema anza na uzio. Chukua karatasi, andika vitu ambavyo vikivunjika hata lengo lako likifika asilimia 100 hakuna mtu atakushukuru. Kwa sikoseli uzio wangu ni huu: seli nyekundu ziendelee kukomaa kawaida, seli nyeupe zisishuke mpaka mtoto ashindwe kupigana na maambukizi, na seli shina za kwenye uboho zibaki hai. Baada ya hapo ndo naandika malengo: himoglobini ya utotoni ipande, maumivu yapungue, gharama iwe ya kubebeka.

Tofautisha hivi viwili kabisa kwenye daftari lako. Lengo ni kitu unachoweza kukubali kidogo zaidi au kidogo pungufu. Uzio hauna pungufu. Ukiuchanganya uzio na malengo, kompyuta itauza uzio wako ili inunue lengo, na itauza kwa bei rahisi sana.

Mfano ulio wazi ni ule wa Shinya Yamanaka. Mwaka 2006 alionyesha kwamba ukiwasha jeni nne kwenye seli ya ngozi ya panya, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, inarudi kuwa kama seli ya kiinitete inayoweza kuwa kitu chochote, na 2012 akapewa Nobeli. Lakini c-Myc ni jeni inayohusika na kansa. Panya waliotokana na seli hizo, kama mmoja kwa kila watano alipata uvimbe kwa sababu c-Myc iliamka tena. Ukiitoa c-Myc uvimbe unapungua, ila na seli zinazofanikiwa kubadilika zinapungua sana. Sasa nani yuko sahihi? Kama seli zako zinaishia kwenye sahani ya maabara kujaribia dawa, kasi ni lengo zuri. Kama zinaingia mwilini mwa mtu, uvimbe ni uzio, hakuna mjadala.

Hatua ya 2: chora mtandao, na uandike ni seli gani

Chora kwa mkono kwanza. Mshale wa kawaida ni "inawasha", mshale wenye kichwa bapa ni "inazima". Wa kwetu ni mdogo:

KLF1 inawasha BCL11A. KLF1 inawasha beta, ambayo ndo jeni ya himoglobini ya utu uzima, na kwa mgonjwa ndo yenye kasoro. BCL11A inazima gama, ambayo ni jeni ya himoglobini ya utotoni.

Ndo maana mtoto mwenye sikoseli anazaliwa mzima na anaanza kuugua baada ya miezi kadhaa, gama inazimwa, beta inachukua kazi. Daktari Janet Watson wa Marekani aliliona hili tangu 1948, kwamba watoto wachanga wana seli chache zinazojikunja, akahisi himoglobini ya utotoni inawalinda. Matibabu mengi ya leo yanafuata wazo hilo hilo.

Kitu ambacho watu wanasahau ni kuandika jina la seli juu ya karatasi. Mtandao niliochora ni wa seli nyekundu changa. BCL11A hiyo hiyo inahitajika kutengeneza limfosaiti B, zile seli nyeupe zinazotoa kingamwili, na inahitajika kwenye seli shina za damu, na kwenye ubongo pia. Watu waliozaliwa na nakala moja mbovu ya BCL11A wana himoglobini ya utotoni iliyo juu, sawa, lakini wana matatizo ya ukuaji wa akili. Kwa hiyo karatasi moja haitoshi, chora ya seli nyekundu, chora ya limfosaiti, na kila unachogusa kiguse kwenye karatasi zote.

Hatua ya 3: iendeshe kwa mkono kabla ya kompyuta

Tumia sifuri na moja tu, jeni imezimwa au imewaka. Wazo hili Stuart Kauffman alilitoa 1969 na mpaka leo linafanya kazi kwa kuanzia. Kanuni zetu: BCL11A ni sawa na KLF1, beta ni sawa na KLF1, gama ni kinyume cha BCL11A.

Bila kugusa kitu: KLF1 ni 1, BCL11A 1, beta 1, gama 0. Huyu ni mgonjwa.

Zima BCL11A: KLF1 1, BCL11A 0, beta 1, gama 1. Afadhali.

Zima KLF1: KLF1 0, BCL11A 0, beta 0, gama 1. Ona sasa! Kwenye karatasi hili ndo jibu bora kuliko yote, gama imepanda na beta yenye kasoro imepotea kabisa, kwa hiyo kompyuta ya mwanafunzi wangu ilikuwa na haki ya kulichagua. Haikujua kwamba KLF1 inawasha jeni nyingine nyingi za seli nyekundu kwa sababu hazimo kwenye mchoro. Jibu likiwa tamu kuliko ulivyotegemea, nenda kaangalie ni nini hukuchora.

Dawa yake ni rahisi, ongeza noda moja (yaani nukta moja mpya kwenye mchoro) unaita "seli nyekundu nzima", ifungwe kwa KLF1, na kwenye karatasi ya limfosaiti ongeza "limfosaiti nzima" ifungwe kwa BCL11A. Noda hizo ndo uzio wako wa hatua ya 1 ukiwa umeingia ndani ya modeli. Rudia kuzima KLF1, utaona uzio umevunjika hapo hapo.

Mtandao ukizidi jeni kama nane usijitese na kalamu, kuna programu za bure: BoolNet inayotumika ndani ya R, lugha ya kuandikia programu, GINsim ambayo unachora kwa mausi, na MaBoSS kama unataka uwezekano badala ya sifuri na moja. Zote zinafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida, zishushe mara moja ukiwa na intaneti nzuri na utafanya kazi nyumbani bila bando.

Hatua ya 4: badilisha mahali kabla ya kubadilisha nguvu

Hapa nitakaa muda mrefu kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote. Wazee wetu wanasema mshika mbili moja humponyoka, na kwenye jeni ni kweli, lakini ni kweli kwa mahali ulipokaa sasa hivi. Mara nyingi watu wakiona malengo mawili yanavutana wanakimbilia kutafuta dozi ya katikati, punguza kidogo hapa ongeza kidogo pale. Kabla ya hapo jiulize: hivi vitu viwili vimefungwa pamoja wapi? Naweza kugusa baada ya njia panda badala ya kabla yake?

Angalia BCL11A. Ukiizima kila mahali unapata gama na unapoteza limfosaiti. Ukiizima nusu unapata gama nusu na bado umeumiza limfosaiti nusu, huo ni mwafaka mbaya. Lakini mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba ndani ya jeni hiyo, kwenye introni ya pili (introni ni sehemu ya jeni isiyoingia kwenye protini), kuna kipande cha DNA kinachoiongezea sauti kwenye seli nyekundu peke yake, kinaitwa enhansa. Ukikivunja kipande hicho, BCL11A inanyamaza kwenye seli nyekundu na inaendelea kuongea kwenye limfosaiti. Mvutano wenyewe umelegea, hujaugawa, umeondoka pale ulipokuwa umefungwa.

Ndo msingi wa tiba inayoitwa Casgevy, iliyokubaliwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Nikisoma hivyo namkumbuka binamu yangu amekunjama kitandani usiku kucha na sisi tunamchemshia maji, na najua namba hiyo ina maana gani.

"Mahali" pia inaweza kuwa wakati. Kwenye mimea kuna mvutano maarufu, mmea ukijilinda sana na magonjwa haukui. Mpunga uliowekewa jeni ya ulinzi NPR1 ikiwaka muda wote unahimili magonjwa ila unadumaa. Mwaka 2017 watafiti wakaweka mbele ya jeni hiyo kipande kidogo kinachozuia protini isitengenezwe mpaka mmea ushambuliwe, na mpunga ukahimili ugonjwa bila kudumaa. Kwa sisi watu wa matoke hili lisitupite. Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda 2001 na uliacha mashamba mengi yamekauka, na watafiti wetu wa kituo cha kilimo cha Kawanda wamejaribu kuweka kwenye migomba jeni za ulinzi kutoka pilipili hoho. Ukipanga kitu kama hicho swali la kwanza lisiwe "nguvu kiasi gani", liwe "iwake kwenye sehemu gani ya mgomba, na lini".

Kwa hiyo kwenye orodha yako ya vitu unavyoweza kugusa usiandike majina ya jeni tu. Andika: jeni nzima, enhansa yake, promota yake (kipande cha DNA mwanzoni mwa jeni ambapo kuwashwa kunaanzia), mahali protini inaposhika kwenye jeni inayofuata, na wakati. Kwa gama mfano kuna herufi za DNA karibu na nafasi ya -115, yaani herufi kama 115 kabla ya jeni kuanza kusomwa, ambapo BCL11A inashika, wapo watu waliozaliwa na mabadiliko ya asili hapo na wanaishi vizuri na himoglobini ya utotoni ukubwani. Mtu aliyezaliwa hivyo ni ushahidi mzuri kuliko panya kumi.

Hatua ya 5: weka mezani, toa walioshindwa wazi

Sasa tengeneza jedwali. Alama hizi ni za kufundishia, nimezikadiria mwenyewe 0 mpaka 10, usizichukue kama vipimo. Namba ya kwanza ni gama inavyopanda, ya pili ni usalama, ya tatu ni kama inawezekana kwenye hospitali ya mkoa huku kwetu.

A, zima KLF1 kabisa: 8, 0, 1
B, zima BCL11A kila mahali: 9, 2, 1
C, vunja enhansa ya BCL11A: 9, 6, 1
D, haidroksiyurea dozi ile ile: 4, 8, 9
E, haidroksiyurea dozi inayopandishwa kwa vipimo: 6, 8, 7
F, hariri promota ya gama: 8, 5, 1

C nimeipa usalama 6 sio 8, kwa sababu kabla ya kurudishiwa seli zilizohaririwa mgonjwa anapewa kemo kali ya kusafisha uboho, nayo inaweza kugusa hata uwezo wa kuzaa. Na 1 ya mwisho ni kwa sababu bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Haidroksiyurea ni kidonge, hakihariri kitu, kinasukuma uboho kwa namna inayofanya gama ipande, na breki yake ni seli nyeupe ambazo zinashuka dozi ikizidi. Kuhusu D na E tuna ushahidi wa hapa hapa Uganda: jaribio lililotoa matokeo 2020 lililinganisha watoto waliobaki kwenye kama miligramu 20 kwa kilo na wale waliopandishiwa taratibu mpaka karibu 30 huku damu ikipimwa. Waliopandishiwa, asilimia 86 walifika lengo la damu, wale wengine asilimia 37, na madhara ya dozi hayakuzidi. Watu walidhani wanashika mbili, kumbe ukipima mara kwa mara nafasi ilikuwepo.

Sasa linganisha wawili wawili. Kama mmoja yuko sawa au juu kwa kila namba, na juu zaidi angalau kwa moja, yule mwingine ameshindwa wazi. C inaishinda A, inaishinda B, inaishinda F. Kati ya C, D na E hakuna anayemshinda mwenzake kwa kila kitu, hao ndo wanabaki. Kundi hili linaitwa mpaka wa Pareto, kwa jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia.

Ila subiri kidogo na F. Imeshindwa kwa alama moja moja tu na alama zenyewe ni makadirio yangu. Aliyeshindwa kwa mbali mtoe, aliyeshindwa kwa unyoya mweke pembeni na alama ya kuuliza. A sina swali nayo.

Kama una chaguo maelfu, mfano mchanganyiko wa jeni tatu tatu kati ya hamsini (hizo ni 19,600), hapo tumia programu. pymoo ya Python ina NSGA-II, njia iliyochapishwa 2002 na Kalyanmoy Deb na wenzake, inakutafutia mpaka wote kwa mara moja. Hifadhi matokeo kila baada ya mizunguko kadhaa, umeme ukikatika katikati utalia.

Hatua ya 6: uzito au uzio, chagua ukijua unachofanya

Watu wengi wanajumlisha tu. Haya tujumlishe, uzito sawa kwa namba zote: C inapata 16, D 21, E 21. Sare. Sasa sema gama ina uzito mara mbili: C 25, D 25, E 27. E ameshinda. Uzito mara tatu: C 34, D 29, E 33. C ameshinda. Umeona? Jeni hazijabadilika, hospitali haijabadilika, kilichobadilika ni namba moja uliyoiandika wewe ukiwa umekaa. Ndo maana mtu akiniletea jibu moja bila kunionyesha uzito wake simalizi kusoma.

Na kuna tatizo lingine la kujumlisha ambalo halionekani. Chukua malengo mawili tu, C iwe 9 na 1, D iwe 4 na 9, alafu E iwe 6 na 4. E hajashindwa na yeyote, ni chaguo halali kabisa la katikati. Lakini jaribu uzito wowote unaotaka, wote, E hatashinda hata mara moja, kwa sababu yuko nyuma ya mstari ulionyooka kati ya C na D. Kujumlisha kunawaona wa pembeni tu, na mara nyingi chaguo la busara liko pale katikati.

Mi napendelea uzio: sema usalama usipungue 5, uwezekano hospitalini usipungue 5, alafu ndani ya hapo tafuta gama ya juu kabisa. Jibu ni E. Alafu shusha uzio mmoja taratibu uone unapata nini, uwezekano ukiushusha mpaka 1 unapata C. Sasa una sentensi unayoweza kumwambia mtu yeyote, waziri, daktari au mzazi: kutoka E kwenda C tunapata gama alama 3, tunalipa usalama 2 na uwezekano 6. Hiyo mtu anaweza kuibishia. Jumla ya 33 kwa 34 hakuna anayeweza kuibishia.

Hatua ya 7: duara linarudi

Fupi lakini usiiruke. Mitandao ina maduara yanayojirekebisha. p53, jeni inayolinda seli dhidi ya kansa, inawasha MDM2, na MDM2 inaiharibu p53. Ukiweka dawa ya kuzuia MDM2, p53 inapanda, na p53 ikipanda inatengeneza MDM2 zaidi, dawa ikiisha mwilini MDM2 iko tele. Kwa hiyo usisome modeli yako mwishoni tu, isome njiani pia: kilele kilifika wapi, kilikaa muda gani, uzio ulivunjika hata kwa muda mfupi? Uzio uliovunjika siku tatu bado umevunjika.

Hatua ya 8: itikise

Mchoro wako una makosa, michoro yote inayo. Chukua mishale, futa mmoja mmoja, geuza ule usio na uhakika nao, endesha tena. Chaguo linalobaki juu kwenye michoro mingi ni bora kuliko linalong'aa kwenye mmoja. Fanya hivyo hivyo na alama: ongeza moja, punguza moja, kwa kila namba. Ukitikisa jedwali letu F inaingia na kutoka kwenye mpaka, kwa hiyo alama yake ya kuuliza ilikuwa halali, na A, hata ikiingia kwa kuongezewa alama moja ya uwezekano, uzio wa usalama unaitoa kila mara. Na kama chaguo mbili zinakaribiana, chukua inayogusa vitu vichache na inayoweza kurudishwa nyuma, kidonge unaweza kukiacha kesho, DNA iliyohaririwa haiachiki.

Hatua ya 9: muulize atakayebeba

Hii nilijifunza kwa kuchelewa. Safu ya tatu kwenye jedwali, ile ya uwezekano, nilikuwa naijaza mwenyewe nikifikiria bei ya dawa. Siku moja nilimsindikiza shangazi na binamu kliniki, kwenye benchi mama mmoja akaniuliza hivi hiyo dozi ya kupandishwa inataka kupima damu mara ngapi. Nikamwambia kila baada ya wiki kadhaa mpaka itulie. Akanyamaza kidogo akasema "Dawa si shida mwanangu, shida ni boda na taksi, na nani atabaki na wadogo zake." Hakuna modeli yangu hata moja iliyokuwa na safari.

Mwanafunzi wangu nilimweleza hiyo hadithi. Jumamosi iliyofuata alikuja na faili jipya: KLF1 imefungwa kwa noda ya seli nyekundu nzima, limfosaiti ina karatasi yake, na kwenye jedwali kuna safu ya nne ameiandika "safari za kliniki kwa mwaka". E imeshuka kidogo, D imepanda, na ameanza kuuliza kama vipimo vinaweza kufanyika kwenye kituo cha afya cha karibu badala ya kwenda mpaka mjini, maana vikiweza, E inarudi juu bila kugusa jeni yoyote.